Kitanda cha Futi Tatu na Nusu

Kwako binti yangu Magdalena,

Ningeanza kwa kuuliza hali yako kama barua zinavyotaka, lakini hali yako naijua. Uko nyumba ya tatu kutoka hapa, kwa Mama Yohana, na sanduku lako la bati umelihamishia huko huko. Kesho saa kumi na mbili asubuhi basi linakuchukua, siku mbili njiani mpaka Songea, chuo cha ualimu, na likizo ya kwanza ni baada ya miezi sita. Nikisimama uani nikaita, utanisikia. Badala yake nimechana karatasi nne katikati ya daftari lako la zamani la jiografia na nimekaa kuandika, mimi ambaye barua ya mwisho niliandika kabla hujazaliwa. Sasa hivi ni saa kumi alasiri.

Sitaandika habari za kuchemsha maji, wala chandarua, wala kuficha sabuni. Hayo unayajua kuliko mimi, maana nyumba hii tumeiendesha wote tangu una miaka kumi na moja. Nataka kuandika juu ya kitanda chako.

Leo kanisani ulikaa kushoto kwangu. Asubuhi, tulipokuwa tunatembea kutoka huku Nakwa, nilikuwa nimeshaamua jambo, ila sikukuambia kwa kuwa nilitaka ulione mwenyewe. Nilijua mkutano wa akina mama unaanza kesho. Nilijua kwamba baada ya matangazo wajumbe watasimama pale mbele na mabegi yao wagawiwe majumbani, na kila mama mwenye nafasi atanyoosha vidole kuonyesha anaweza kuchukua wangapi. Niliamua kwamba leo mkono wangu utabaki mapajani. Kama uliangalia, uliona nimeushika kwa mkono mwingine.

Katibu wala hakuuliza. Alisoma karatasi yake, akafika kwangu, akasema, "Kwa Mama Magdalena hatuulizi nafasi, tunauliza kama chumvi ipo. Watano." Watu wakacheka. Mchungaji naye akacheka. Nikasimama. Mwanangu, nilisimama ili niseme kwamba binti yangu anasafiri kesho, naomba safari hii nipumzishwe. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga tangu Ijumaa. Halafu nikawaangalia wale akina mama watano na vumbi lao la safari, na yule bibi mmoja mwenye miguu iliyovimba, na usharika mzima ukiwa umenigeukia kwa tabasamu. Nikasema, "Chumvi ipo." Wakacheka tena. Nilipokaa, wewe ulikuwa umeshaokota mkoba wako.

Nje nilikushika mkono nikaanza kujieleza. Ukaniambia, "Usihangaike, mama. Nimezoea." Hukusema kwa hasira. Ningeona afadhali ungesema kwa hasira.

Neno hilo nalijua lilikotoka. Mimi ndiye niliyelisema kwanza, na kwa miaka sita nilikuwa natumaini kwamba hukulisikia.

Nikurudishe nyuma kidogo. Kwetu Mbulu hapakuwa na kitanda. Tulikuwa watoto saba kwa ngozi mbili, na ndama kwenye kona, na wala hatukujua kwamba tumekosa kitu. Nilishuka Babati nina miaka kumi na tisa, mimba ya kaka yako mkubwa ina miezi mitano, namfuata baba yako aliyekuwa amepata kazi ya useremala Magugu. Lori lilitushusha na mvua, jua limeshazama. Nilikuwa na jina la mke wa mjomba, na nyumba nilionyeshwa. Alifungua mlango upana wa kiganja. Nikamwamkia, nikajieleza mimi ni mtoto wa nani. Akasema, "Hapa hamna nafasi." Nyuma yake niliona benchi. Unajua jicho langu linavyopima bila kuombwa: lilikuwa benchi la watu wanne, na halikuwa na mtu. Nililala kwenye baraza la duka, nimekalia furushi langu ili maji yasiliguse. Pale barazani nilimwahidi Mungu kwamba nikipata mlango wangu, neno hilo halitatoka kinywani mwangu.

Mlango nikaupata. Matofali elfu tatu na mia nne tuliyafyatua wenyewe kule Singe, baba yako anachanganya, mimi nabeba maji, ndoo kumi na sita kwa siku. Hakuna ndugu aliyeleta hata msumari. Naandika hivi ujue kwamba sikurithi kitu, na kwamba nilipoanza kufungua mlango nilikuwa nafungua kilicho changu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kosa langu lilianzia hapo hapo, lakini sikuliona.

Ulipoingia darasa la nne baba yako alikulaza sakafuni akakupima kwa futi yake, akaongeza futi moja na nusu, akasema, "Huyu atarefuka." Akakutengenezea kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita, miguu akaiinua ili sanduku liingie chini. Kaka zako walikuwa wanalala karakana, juu ya maranda ya mbao. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa na kitanda. Mwaka mmoja mzima ulikilalia na hakuna aliyekuondoa. Nakumbuka ulikuwa unakitandika mara mbili kwa siku.

Halafu mkoa mpya ukatangazwa, makao makuu hapa kwetu. Ulikuwa darasa la tano. Babati ikajaa watu wenye barua za ajira mkononi na pa kulala hawana, na kila mmoja alikuwa na mtu anayemjua mtu anayetujua. Wa kwanza alikuwa Joakimu, mtoto wa kaka yake baba yako. Alikuja kwa wiki mbili, akakaa miezi kumi na minne. Wakaja wale wasichana wawili wa ofisini, wakilala mzungu wa nne, kichwa cha mmoja miguuni pa mwenzake, kwenye kitanda chako, miezi mitano. Akaja shangazi yako na mgongo wake, miezi minane. Halafu wajumbe, wanakwaya, watu wa semina. Halafu wapita njia. Mitaani wakaanza kuita nyumba yetu Hoteli ya Mama Magda, na mimi nilijifanya kukasirika.

Wewe ulijifunza kusoma vidole vyangu. Siku moja ulimweleza Mama Yohana, nikiwa nasikia nyuma ya ukuta: "Mama akinyoosha viwili nalala sebuleni. Vinne, jikoni. Sita, nakuja kwako." Mkacheka wote wawili. Na mimi nilicheka huko niliko. Nilidhani mtoto wangu ana akili ya hesabu kama mimi.

Leo nimekaa nimepiga ile hesabu. Joakimu mia nne na ishirini. Wasichana mia na hamsini. Shangazi mia mbili na arobaini. Watu wa kanisa, ukiweka ishirini kwa mwaka, ni mia na arobaini kwa miaka saba. Wapita njia, watatu kwa mwezi, mia mbili hamsini na mbili. Jumla umelala chini mara elfu moja mia mbili na mbili. Nimeirudia mara tatu nikidhani nimekosea kubeba mahali. Sijakosea. Ni karibu nusu ya miaka saba.

Na kuna namba nyingine ambayo haihitaji karatasi. Kitanda changu mimi na baba yako, kile cha futi tano, mgeni hajawahi kukilalia hata mara moja. Hata mchungaji mkuu alipokuja. Nilitoa sana, mwanangu, lakini nilichokitoa kilikuwa chako.

Baba yako aliliona mapema. Joakimu alipotimiza mwezi wa tatu, alisimama mlangoni mwa chumba chako, kalamu yake ya seremala sikioni, akasema taratibu, "Hiki kitanda nilimtengenezea mtoto." Nikamjibu kwa lile andiko la watu waliokaribisha wageni na kumbe ni malaika. Alirudi karakana, na nilisikia randa ikipita juu ya ubao mpaka giza. Nilidhani nimeshinda. Siku hizi nafikiri mtu anayejibu kila kitu kwa andiko hana mtu wa kumrekebisha ndani ya nyumba yake.

Sasa nije kwenye lile neno. Ulikuwa darasa la sita, malaria imekushika, umelala kwenye mkeka nyuma ya kochi, meno yanagongana. Kitandani kwako alikuwa mke wa mwinjilisti kutoka Dareda. Asubuhi alitoka, akakuona, akainama akakugusa paji la uso. Akanigeukia akiwa ameaibika kabisa. "Mama Magda, mtoto anatetemeka hivi, na mimi nimelala kitandani kwake?" Nilikuwa napepeta mchele. Nikamwambia, "Huyo? Huyo amezoea." Nilisema kwa majivuno, kama mtu anayesifia ng'ombe wake wa kulimia. Ulikuwa umefumba macho. Nilijiambia umelala.

Yule mama aliondoka siku hiyo hiyo, siku mbili kabla ya semina yake kwisha. Nilimsema vibaya kwa wenzangu. Nilisema hana shukrani.

Mtihani wa kidato cha nne wote tunaujua. Jioni ya kuamkia karatasi ya hesabu, mimi nilikuwa nimenyoosha vidole sita. Uliosha sahani, ukachemsha maji ya watu kuoga, halafu ukasoma jikoni kwa koroboi, mgongo umeegemea gunia la mbaazi. Matokeo yalipokuja nilisimama uani nikapiga kelele: damu yangu mimi, ipate F ya hesabu? Ulinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha ukaenda kuangalia makande yasiungue. Ulitaka uuguzi. Unakwenda ualimu kwa sababu ndiko alama zilikokubali. Utakuwa mwalimu mzuri, najua, lakini hilo silo jibu la nilichofanya.

Kuna wakati ulijaribu kuniambia, na hilo nalo nilikuzibia. Ile sala ya jioni, Joakimu yupo, zamu yako ya kuomba ikafika. Ukasema, "Bwana, wabariki wageni wetu, na uwape nyumba zao." Wote wakaitikia amina. Mimi nikakufinya paja. Ungekuwa mtoto wa mwenzangu ningekuhesabu mwombaji hodari kuliko sisi wote.

Na unajua wageni hao wako wapi. Joakimu ana nyumba ya geti, na anapita hapa na gari la ofisi, anapiga honi, mkono mmoja dirishani. Alipooa, kadi haikutufikia. Wale wasichana wawili nikikutana nao sokoni wananiamkia vizuri na kuendelea na safari. Miaka mingi nimeyahesabu haya. Nimewasema wote, wewe ni shahidi. Lakini leo nikiwa nimekaa hapa naona hata wao siwezi kuwadai kitu. Hawakuniomba nikutoe kitandani. Nilikuwa namjibu mke wa mjomba. Kila mgeni niliyemfungulia nilikuwa nafungua mbele ya macho yake, ili aone mlango unavyofunguliwa mpaka mwisho. Naye alishakufa, hata kabla matofali hayajakauka. Miaka yote hiyo nilikuwa nabishana na marehemu, na gharama yake ukalipa wewe.

Nina neno moja la kukulaumu pia, nisiliweke moyoni likaoza. Kwa nini hukupiga kelele? Kaka zako walipiga kelele juu ya kila kitu, na walisikilizwa. Wewe ulikunja godoro. Kila mara nilipotoka kuwapokea watu nilikukuta umeshakunja. Najua si haki kukuuliza hivyo. Nimekuuliza tu.

Huko chuoni watakupa kitanda. Kitakuwa na namba. Siku moja atakuja mtu hana pa kulala, akusimamie mlangoni kama nilivyosimama mimi na mvua yangu. Nilitaka hapa nikuandikie la kufanya. Nimeandika mstari, nikaukata. Sitaki ujifunze kwangu kufungua, wala sitaki niwe nimekufundisha kufunga. Mahali pa katikati sikuwahi kufika, kwa hiyo siwezi kukuelekeza njia yake. Ukifika wewe, niandikie.

Sasa nikuambie kilichotokea leo baada ya wewe kuondoka. Niliwaleta wale watano nyumbani, nikawapa ugali na maharage, wakasifia. Halafu nikaingia chumbani kwako. Chini ya kitanda nimeona pale sanduku lilipokuwa, mraba msafi katikati ya vumbi. Nikatoa shuka lako la bluu, nikatandika. Nikakaa juu yake na daftari lako mapajani ili mtu asije akaweka begi. Nilianza kuandika.

Nilipofika pale kwenye hesabu, mlango ukasukumwa. Ni yule bibi mwenye miguu iliyovimba. Ana begi lake la rambo, ana khanga begani. Akaniomba radhi, akasema wenzake wamemwambia kwamba kwa kawaida mgeni mzee hulala hapa, akaomba ajinyooshe kidogo kabla ya ibada ya jioni.

Nikamwambia, "Hapa hamna nafasi."

Akaangalia kitanda kilichotandikwa. Akaniangalia mimi, mtu mzima, nimekaa katikati yake na karatasi. Sijui aliona nini. Akasema, "Haya, mama, hakuna neno," akarudi sebuleni, na nilimsikia anavyojishusha kwenye mkeka taratibu, goti moja kisha jingine. Ningeweza kumpa kitanda changu. Wazo hilo limenijia baada ya yeye kuwa ameshaketi, fikiria, limechelewa hata hapo. Nimekwenda nikamwomba ahamie chumbani kwetu. Amekataa, amesema mkeka ni mzuri kwa mgongo. Amesema hivyo kwa sauti ile ile yako.

Basi neno nililoapa kwamba halitatoka, limetoka, na limemwangukia mama wa watu ambaye hajanikosea chochote. Na sina uhakika hata kama limekusaidia wewe. Sasa giza limeshaingia; huenda umeshalala kwa Mama Yohana, huenda mnacheka huko. Ni haki yako. Nimekuja mpaka kona ya ua mara mbili na kurudi. Naogopa nikija utaniambia tena kwamba umezoea.

Baba yako ameingia sasa hivi. Amesimama pale pale aliposimama siku ile. Ameuliza nafanya nini hapa. Nimemwambia nakilinda. Amesema, "Andika umalize, nimpelekee. Nitamsubiri aisome." Anavaa viatu vyake vya kanisani kwa safari ya nyumba tatu.

Sikuombi urudi. Mtu aliyeombwa kwa miaka saba asiombwe tena siku ya mwisho. Nakuambia tu kilichopo ili ujue. Mlango wa uani sijautia komeo. Basi ni saa kumi na mbili, kwa hiyo hata ukija umechelewa bado utapata saa kadhaa za kulala. Usipokuja, nitakuja kituoni, nitasimama upande wa dirisha lako, na sitasema kitu cha kukuchelewesha.

Mimi nimekaa upande wa miguuni. Upande wa mto uko wazi.

Mama yako